Dada alijua kifo cha baba yake kwenye stetasi yangu

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Pasua, hapa Moshi. Baba yangu mkubwa alifariki Jumatatu usiku wa manane hospitalini, tukiwa watatu wodini. Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, niliweka picha yake kwenye stetasi ya WhatsApp nikaandika "Pumzika kwa amani baba mkubwa, umetuachia pengo." Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nalia. Binti yake wa pili, ambaye kwangu ni dada, yuko Mwanza. Aliamka akaikuta ile picha kabla mtu yeyote hajampigia. Tulizika Jumamosi kihambani, kwenye shamba la ukoo, Kibosho. Msibani hakunipa mkono, na mpaka leo hapokei simu yangu. Jumapili hii anarudi Mwanza. Wadogo zangu nao walipiga picha za mwili ukiwa kwenye jeneza, sasa zimefika kwenye makundi ya watu tusiowajua. Nimwombeje dada radhi? Na adabu ya mitandao kwenye msiba ni ipi hasa, maana kila mtu ana lake? Misa ya arobaini ikifika natamani kuandika kumbukumbu ya baba mkubwa, lakini naogopa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na pole kwa sababu wewe pia ni mfiwa, na kwa hasira iliyopo hapo nyumbani huenda wengi wamelisahau hilo.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kukaa na wafiwa, kwa hiyo dakika ile baada ya pumzi kukata naijua. Mikono inatafuta kitu cha kufanya. Mmoja anakunja shuka ambalo halihitaji kukunjwa, mwingine anafungua kabati la kando ya kitanda na kulifunga, anafungua tena. Wengi sasa hivi mikono yao inakutana na simu. Siamini hata kidogo kwamba ulikuwa unatafuta watu wakuangalie. Ulipiga ukunga, ila ukunga wa kwenye simu unafika Mwanza kabla haujafika nyumba ya pili.

Lakini dada yako ameumia kweli, na nataka uelewe ameumia wapi, maana bila hivyo radhi utakayoiomba haitagusa kidonda.

Habari ya kifo ina wenyewe, na ina njia yake ya kupita. Wazee wetu walilijua hili bila kufundishwa darasani. Mtu alitumwa, na aliyetumwa alichaguliwa. Hakutaja jambo mlangoni. Aliingia, akakaa, akauliza habari za nyumbani, akahakikisha kuna mtu mzima mwingine karibu, ndipo akasema. Aliye mbali aliambiwa "mzee hali yake si nzuri, njoo nyumbani", akapanda basi na tumaini lake, na akaambiwa akishafika, mikono ya shangazi zake ikiwa tayari kumdaka. Vijana wengi huniambia ule ulikuwa uongo. Sawa, hata mimi sipendi kumwona mtu mzima akifichwa mambo siku nzima. Ila walichokuwa wanakilinda ni hiki: mtu asipokee habari ya kifo peke yake. Dada yako aliipokea peke yake, kitandani, pengine kabla hajanawa uso, tena ikiwa na maneno mazuri na picha ya baba yake anatabasamu.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Kaka yangu alipofariki nilikuwa kwenye Kosta nikitoka Arusha kuja Moshi. Gari lilisimama Kwa Sadala, akina mama wakanyanyua ndizi mpaka dirishani, nami nikatoa hela ninunue. Simu ikaanza kulia mfululizo. Nikafungua kundi la kwaya: "Poleni sana familia", likafuata jina la ukoo wetu. Basi. Halikutajwa jina la mtu. Wakati ule mama yangu alikuwa hai, nilikuwa na kaka wawili, na dada yangu alikuwa anaumwa. Nilipiga simu tatu hazikupokelewa. Kwa muda wote ule, mpaka mtu alipopokea, niliwazika wote mmoja baada ya mwingine. Muuza ndizi alikuwa amenyoosha chenji yangu na mimi mkono haukunyanyuka kuipokea, mpaka abiria wa jirani akanipokelea. Aliyeandika ujumbe ule ni mtu mwema, tunasali kanisa moja hadi leo. Lakini kila nikipita Kwa Sadala bado nashika simu yangu.

Sasa, ingefanyikaje? Wenye haki ya kuambiwa kwa mdomo huwa si wengi: mwenzi wa ndoa, watoto wote hata yule aliyekosana na nyumbani, wazazi kama wapo, na ndugu wa tumbo moja. Kwenye familia nyingi mtawahesabu kwa vidole vya mikono miwili. Mnagawana majina pale pale wodini, na saa mbili zinawatosha. Kwa aliye mbali, usianze na namba yake. Mtafute mtu aliye karibu naye, jirani, rafiki wa kazini au mama mwenye nyumba, umwambie: "Kuna taarifa nzito ya nyumbani. Nenda kakae naye, ukifika nibipu." Akishafika ndipo unampigia mwenyewe, unamuuliza yuko wapi na yuko na nani, na kama anaendesha gari asimame. Halafu unasema kwa maneno yaliyo wazi: baba amefariki. Usiseme "ametutoka" kwa mtu aliyetoka usingizini, atakuuliza ametoka kwenda wapi.

Na kama mtu ana sababu ya pekee, mfano mjamzito wa miezi ya mwisho au mtoto wa kidato cha nne aliye katikati ya mtihani Novemba, familia ndiyo inayoamua aambiwe lini na nani. Stetasi moja inaufuta uamuzi wa ukoo mzima.

Wakati watu wanapiga simu, mmoja awaandikie wale wachache wanaojua tayari. Ujumbe ninaowapa watu ni huu, uchukue uutunze: "Familia bado inawajulisha ndugu. Tunaomba mtu yeyote asiweke picha wala jina mahali popote mpaka tutakapotangaza." Ukiutuma huo, hata yule mwenye vidole vyepesi husita. Na wewe ukiwa ndiye unayeona fununu kuhusu familia ya mwenzako, usiwe wa kwanza kuandika "poleni". Subiri uone mtoto wa marehemu au msemaji wa familia ametangaza mwenyewe.

Kwa ndugu zetu Waislamu maziko huwa upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa hiyo tangazo haliwezi kungoja sana, na kulituma haraka ni haki kabisa ili watu wawahi kuswali na kusindikiza. Hata hapo, dakika ishirini za kuwapigia watoto zinapatikana.

Nirudi kwa dada yako. Anaondoka Jumapili, kwa hiyo nenda kabla. Usimwombe radhi kwa ujumbe, wala kwa sauti ya kurekodi, na nakuomba sana usiandike radhi hadharani kwenye stetasi ileile iliyomuumiza. Nenda kwa miguu yako. Nenda na shangazi yenu au mtu mzima anayeheshimiwa na nyumba zote mbili. Ninyi ni Wachaga, mnajua jani la isale, jani letu la kuombea msamaha, linasema nini likiwekwa mkononi mwa uliyemkosea, na mnajua uzito wa kulikataa. Sikwambii ulibebe kama mtego wa kumlazimisha asamehe. Mwulize shangazi kwanza, kama anaona linafaa alibebe yeye. Kwenye nyumba nyingi nilizoingia, jani lile limefanya kazi ambayo maneno yangu ya ushauri hayakuiweza.

Ukifika, usianze na "sikukusudia". Yeye anajua hukukusudia. Ukianza hapo unamtaka akuhurumie wewe. Anza na alichopoteza: "Dada, ulistahili kuambiwa na mama. Mimi nikakufanya ujue kwa picha, ukiwa peke yako. Nilikukosea." Kisha nyamaza. Akilia, kaa. Akikufokea, kaa. Akikwambia toka, toka kwa heshima, na umwachie shangazi maneno mawili: kwamba utarudi akikuita. Watu wengine husamehe siku ileile, wengine baada ya mwaka, na wapo niliowaona wakishikana mikono kwenye msiba mwingine kabisa. Usimhesabie siku.

Jambo moja zaidi ambalo linaweza kumsaidia, naye huenda hajui kuliomba. Wewe ulikuwa wodini usiku ule, yeye hakuwepo. Mwambie, akitaka kusikia, jinsi baba yake alivyokuwa saa za mwisho: alisema nini, alimtaja nani, kama alikunywa maji, nani alikuwa amemshika mkono. Hicho ndicho ulichokuwa nacho alfajiri ile ambacho ni mali yake, na hukukiweka kwenye stetasi. Kipeleke.

Kuhusu picha za jeneza. Hapa nina msimamo mkali, nao umetokana na niliyoyaona. Jumamosi ya 6 Mei 2017, wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha walipata ajali ya basi Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku hiyohiyo picha za kule korongoni zilikuwa zinazunguka kwenye simu mji mzima, watu wanazifungua kwenye daladala na kwenye foleni ya benki. Jumatatu yake, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ukajaa watu waliokuja kuaga majeneza. Nilipoliangalia jukwaa la wazazi nilikuwa nawaza jambo moja tu: wangapi kati yao wana zile picha ndani ya mikoba, zimetumwa na mtu aliyeandika chini yake "inasikitisha". Tangu siku ile nimekataa kupokea picha ya maiti kutoka kwa yeyote. Ninayemjua akinitumia, nampigia simu nimwombe aifute, naye afute kwa aliyemtumia.

Marehemu hana namna ya kujifunika, wala hawezi kusema "nisubiri nijitengeneze". Kule kusogea mbele ya jeneza kutoa heshima za mwisho tulikuweka kwa waliofika, kwa macho yao, kwa sekunde zile chache, halafu wanapita. Simu inaichukua ile sekunde na kuipeleka kwa mtu aliyelala kwenye kochi Dodoma anayekula karanga. Kwenye familia nyingi za Kiislamu hakuna hata anayeuliza kama anaweza kupiga picha hiyo, haipigwi. Sisi Wakristo tumelegea, na nadhani tumelegea kwa sababu ya wapiga video wa kukodi, tukaona kama kamera ya yule ni ruhusa kwa kamera za wote. Siyo. Mpiga video ameitwa na familia na kazi yake inabaki kwa familia. Kurusha ibada mubashara kwa mtoto aliye Marekani aliyekosa nauli nakuunga mkono kabisa, nimeona faraja yake. Lakini kamera ibaki kwenye altare, kwenye kwaya, kwenye jeneza likiwa limefungwa, na isimsogelee mjane usoni.

Kwa zilizokwishatoka: wadogo zako wafute leo popote walipoziweka. WhatsApp inaruhusu kufuta ujumbe kwa wote kwa muda wa zaidi kidogo ya siku mbili tangu utumwe. Muda huo kwenu umepita, lakini admini wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwenye kundi lake. Basi watafuteni maadmini, mmoja mmoja, mkiwa na maneno mapole: "Hii ni picha ya baba yetu, tunaomba uiondoe." Wengi hukubali, kwa sababu mwanzoni hawakujua ni ya baba wa mtu. Zote hamtazipata. Mwambieni dada yako ukweli huo, aache kuzitafuta usiku.

Usinielewe kwamba kila kifo kifichwe. Mzee Reginald Mengi alipofariki Dubai tarehe 2 Mei 2019 na kuzikwa Machame wiki moja baadaye, kilikuwa kilio cha nchi, na kila mtu alikuwa na picha yake na neno lake la kuandika. Mtu wa watu analiliwa na watu. Baba yako mkubwa alikuwa wa nyumba yake kwanza.

Sasa namna ya kuandika pole. "RIP" peke yake nakushauri uiache, hasa kwa familia ya Kiislamu ambayo ina maneno yake, na hata kwa wengine inasomeka kama muhuri uliogongwa ukiwa unapita. Mtaje marehemu kwa jina na uandike kitu kimoja unachokikumbuka. Nilimwona mjane mmoja wa Ngaramtoni akipitia komenti zaidi ya mia mbili kwenye simu ya mwanawe, "poleni, poleni, poleni", akapita tu. Akasimama kwenye moja: "Mzee alinikopesha baiskeli mwaka mzima nikiwa sina nauli ya shule." Aliisoma mara tatu, akaomba asomewe na mjukuu kwa sauti. Usiulize hadharani "alikuwa anaumwa nini?" Swali hilo limechoma watu wengi kuliko matusi, kwa sababu kuna vifo ambavyo familia haijapata bado namna ya kuvisema. Na mzee akibandika kile kikatuni cha kicheko chenye machozi, msimwaibishe, yeye ameona machozi tu. Mtu mmoja ampigie pembeni amweleze.

Uvumi wa kifo nao usiupitishe hata kwa "eti ni kweli?" Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayomshika anayesambaza taarifa anayojua ni ya uongo ili kupotosha watu, lakini mbali na sheria, fikiria mama wa huyo mtu akiisoma.

Michango. Msiba unapotangazwa, matapeli nao wanasoma. Wanaweza kuchukua picha ya marehemu kwenye posti zenu wakaibandika na namba yao, "tuma rambirambi hapa". Tangazo la familia liwe na namba moja, na liandike kabisa jina litakalotokea mtu akituma, ili anayechangia alione kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Na tafadhali, ile orodha ya waliochangia na kiasi chao, inayobandikwa kila jioni kwenye kundi, ibaki kwa mweka hazina. Kuna ndugu wenye elfu mbili tu ambao huacha kuja msibani kwa kuiogopa.

Baada ya mazishi kundi la msiba hubaki, na watu huanza kutoka siku hiyohiyo ya kurudi kutoka kihambani. Siku hizi WhatsApp humjulisha admini peke yake mtu anapotoka, na watu hudhani hilo limeondoa tatizo. Lakini admini mara nyingi ni mtoto wa marehemu. Anakaa na simu yake, bado ana udongo kwenye viatu, anaona fulani ametoka, fulani ametoka. Kaa wiki mbili, haikugharimu kitu. Au bora zaidi, wiki ya tatu, nyumba ikiwa imebaki na ukimya na viti vya kukodi vimerudishwa, mwandikie mfiwa moja kwa moja, "nimekukumbuka leo", bila kumtaka ajibu.

Akaunti za marehemu zenyewe si za haraka, ila mjue haya. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa baada ya siku 120 hivi, na namba ya simu iliyokaa bila kutumika kwa muda mrefu hurudi sokoni, ikapewa mtu mwingine. Iondoeni kwenye makundi ya familia kwa utaratibu, na kabla ya hapo atakayependa ahifadhi sauti zake na picha zake. Facebook ina njia ya kuugeuza ukurasa kuwa wa kumbukumbu, na mtu akiwa hai anaweza kumteua wa kuutunza atakapoondoka. Aliyeteuliwa hawezi kusoma meseji za marehemu, nami naona ni sawa hivyo.

Umeniuliza kuhusu kumbukumbu ya arobaini. Iandike, mwanangu, kwenye daftari kwanza, leo, wakati bado unasikia sauti yake. Kuiweka mtandaoni ni jambo la kumwuliza dada yako, na usimwulize siku ya kuomba radhi, isije ikaonekana ndiyo iliyokupeleka. Mwache afike Mwanza, mwache apumzike. Wiki moja kabla ya misa, kama mmeanza kuongea, mtumie ulichoandika ili asome kabla ya mtu mwingine yeyote, na umwombe yeye ndiye achague picha.